Mwaka Niliokataa Kuapa

Walinipigia simu kutoka Wamaza, upande wa Kabambare, siku ya Jumatatu, wakaniambia rafiki yangu Kalonda amekufa, na kabla sijamaliza kutoa pole, mtoto wake wa kwanza akaniuliza swali lililonitia hasira kabla machozi hayajafika. "Baba mudogo," akasema, "tusaidie. Baba alikuwa wa dini gani?" Nikamwambia, wewe umeishi naye zaidi ya miaka hamsini, mimi niliye Kasongo nitajuaje? Akasema ndiyo shida yenyewe: katekista amekuja na msalaba, anasema Kalonda alikuwa anakaa kanisani kila Pasaka, Waislamu wa sokoni wamekuja na sanda, wanasema alifunga nao Ramadhani zaidi ya moja, na wazee wa kabila lake, Wabangubangu, wamekaa pembeni na kuku wao, wanangoja hawa wawili wachoke. Nilipanda pikipiki siku ile ile, mzee mzima na magoti yangu haya, nikafungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva kama mtoto mchanga, na njia yote ya Kabambare, tope na mashimo, nilikuwa nagombana peke yangu. Wa dini gani! Mtu hajapoa, jambo la kwanza wanalotaka kujua ni wamweke upande gani. Swali hilo nalijua. Lilinipata mwaka nilipokuwa na miaka kumi na sita, likampata Kalonda vibaya kuliko mimi, na mimi nilikuwa na mkono wangu humo. Miaka yote iliyofuata tulikuwa tukikutana, yeye mfanyabiashara wa mchele na mawese, mimi muuguzi wa lopitali, tukazungumza watoto, barabara, vita. Jambo lile hatukuligusa hata mara moja. Sasa kafa, nimebaki nalo peke yangu, na ninaliandika kwa sababu limenichosha.

Mwaka huo, miaka michache kabla Wabelgiji hawajaondoka, serikali ilifungua shule yake hapa Kasongo, shule isiyo ya mapadri. Kabla ya hapo mtoto wa Kiislamu aliyetaka kujua Kifaransa alikuwa na njia moja tu, ya misheni, na huko hukukaa sana bila kutiwa maji kichwani na kupewa jina jipya. Wazee wetu walikataa. Kwa hiyo tulikaa chuoni kwa Mwalimu Issa tukakariri msahafu, na wenzetu wakawa makarani. Shule mpya ilipofunguliwa, Waislamu wa mji mzima walikimbilia kuandikisha. Kulikuwa na karatasi: mzazi achague mtoto wake afundishwe nini katika saa ya dini, Katoliki, Protesta, au morali. Uislamu haukuandikwa. Karani aliyewasomea wazee karatasi ile aliulizwa morali ni nini. Akajikuna kichwa, akasema, "Ni mafundisho ya adabu." Mwalimu Issa alikuwepo, na kanzu yake iliyofuliwa mpaka ikawa rangi ya maji ya mchele. Akasema, "Adabu? Si ndiyo tunataka? Tieni kidole." Wakatia kidole wote, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewadanganya. Waliwaficha watoto wao wasichukuliwe na padri, kisha wakawapeleka wenyewe, wamewashika mkono, kwa Mzungu asiyeamini kitu. Baba yake Kalonda, aliyetoka Kabambare kwa miguu kumleta mwanawe, naye hakuwa Mwislamu wala Mkristo, aliuliza tu ni wapi penye watu wachache, ili mwalimu amwone mtoto wake vizuri. Naye akaonyeshwa morali. Nikikumbuka nataka kucheka, lakini kicheko hakiji.

Huyo Mzungu tulimwita Musie Kwanini, yaani Bwana Kwanini. Alikuwa kijana, ndevu nyekundu, miguu mirefu ndani ya kaputula, na ukimwambia jambo alikuuliza kwa nini, na ukimjibu alikuuliza tena. Klasi yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, matofali hayajapakwa chokaa, madirisha hayana vioo, na harufu ya simenti ilikuwa imeingia mpaka ndani ya madaftari. Watoto wa misheni walipopita barabarani walituimbia, "Wapagani! Wapagani!" Sisi tuliosali mara tano kwa siku! Jambo hilo lilinichoma kuliko fimbo. Mwezi wa kumi mvua ilichelewa. Wakatoliki wakatembeza sanamu ya Bikira mpaka mtoni, Waislamu tukatoka uwanjani kusali sala ya kuomba mvua, na kwa akina Kalonda wazee wakachinja kuku weupe. Musie Kwanini hakumcheka mtu. Alileta kopo la maziwa, akalikata mdomo, akaliweka uani, akasema: kila siku andikeni nani ameomba, na kila siku pimeni maji kwenye kopo. Tuliandika majuma sita. Mvua kubwa ilikuja Jumatano moja ambayo hakuna aliyeomba chochote. Musie akachora mistari yetu ubaoni, akakaa juu ya meza, akauliza, "Mnaona nini?" Kalonda akainua mkono. "Musie, labda Mungu alisikia, lakini barabara ya kwake iko mbaya, akachelewa kufika." Tulicheka mpaka Musie naye akacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Kopo lile liliniingia. Nilirudi nyumbani nikamtazama baba anatawadha, maji yanateremka kwenye viwiko vyake taratibu, na mara ya kwanza maishani nikajiuliza kwa nini, na sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Nilikuwa na Kalonda tu. Alikaa kwa shangazi yake, Mama Sifa, nyuma ya soko, katika chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mama Sifa aliuza mikate ya kukaanga, na chumba kile kilinuka mafuta asubuhi mpaka jioni, nami nilipenda harufu ile kuliko ya nyumbani kwetu. Tulikaa juu ya kitanda cha matete, tukafanya hesabu, yaani yeye alifanya, mimi nikanakili, maana kwa hesabu hakukuwa na mtu wa kumkaribia. Ukutani alitundika vitu vitatu kwenye misumari mitatu: medali ya Bikira aliyopewa na binamu yake wa misheni, hirizi ya ngozi aliyoshonewa na jirani Mwislamu alipougua, na pembe ndogo ya swala aliyotoka nayo kwa baba yake. Mimi na ujuzi wangu mpya nilikuwa siwezi kukaa mbele ya vitu vile bila kubisha. "Vitatu haviwezi kuwa kweli vyote," nikamwambia. "Lazima uchague." Akasema, "Kwa nini?" Nikamwambia kwa sababu ndiyo akili. Akaendelea kunoa kalamu yake kwa wembe. "Kila mutu aliyenipa kimoja ananipenda," akasema. "Nitupe cha nani?" Lo, jibu hilo liliniudhi! Niliona ni jibu la mtu asiyetaka kufikiri. Nilimwambia hivyo, tena kwa Kifaransa, ili limwume zaidi.

Ramadhani iliingia mwisho wa mvua. Kufikia hapo nilikuwa nasali kwa mgongo na magoti, ndani hakuna kitu, na kufunga kulinitia hasira, maana njaa ile sikujua tena naivumilia kwa ajili ya nani. Musie alikuwa ametuambia kwamba jambo ambalo mtu hajalijaribu hana haki ya kusema analijua. Basi nikamwambia Kalonda, "Kesho mchana nakuja kula kwako." Akanitazama. "Uko unafunga." "Nataka kujaribu." "Jaribu kwenu." "Kwetu nitauawa." Akaweka kitabu chini. "Na miye je? Wewe watakuchapa, utalia, itakwisha. Miye watasema mushenzi wa Kabambare amemuharibu mutoto wa Mwislamu." Nikamwita mwoga. Nilimwita mwoga mara mbili, na ya pili nikamtia humo na shangazi yake. Akaokota kitabu chake, akasema, "Basi, njoo."

Ilikuwa Jumanne, saa ya mapumziko ya mchana, Mama Sifa yuko sokoni. Kalonda alisonga bukari mwenyewe, ugali wa muhogo, akapasha sombe ya jana, yale majani ya muhogo, nyekundu ya mawese, ndani yake vipande vya samaki mkavu. Tulinawa, tukakaa chini na sahani moja katikati. Yeye alikula polepole, upande mmoja tu wa mdomo, mkono shavuni, kwa sababu jino la nyuma lilikuwa linamsumbua tangu juma lililopita. Mimi nilimeza tonge la kwanza nikangoja. Nilingoja kweli, nisiseme uongo, masikio yamesimama. Kuku mmoja akaja mlangoni, akatutazama, akaenda zake. Nikala la pili, la tatu, nikashiba, basi. Kumbe ni hivi tu? Nilitaka kufurahi, nikaona nimekasirika. Nilikaa muda mrefu nikimweleza Kalonda maana ya jambo lile, naye akiosha sahani, mpaka kengele ya shule ikasikika. Nilitafuna majani ya limau njiani ili kinywa kisinuke.

Tulipofika, shule ilikuwa imepinduka. Saa ya Musie Kwanini, saa ya mfukoni yenye mnyororo, aliyoachiwa na baba yake marehemu, ilikuwa imepotea ndani ya meza yake ya klasi katika mapumziko yale yale. Alikuwa anafungua na kufunga mtoto wa meza kama mtu aliyerukwa na akili. Walipekua madaftari, mifuko, vikapu, mpaka nywele zetu. Hawakupata kitu. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa uani kwetu naanika mchele juu ya mkeka. Uani kwetu na kwa Mwalimu Issa palitenganishwa na wigo wa matete, na chini ya wigo nikaona miguu mirefu myekundu yenye soksi. Musie alikuwa anazungumza Kiswahili chake cha jikoni. "Mwalimu, mimi nataka wewe soma ile kitu. Halbadiri." Nilikaa chini juu ya mchele. Halbadiri ni dua ya majina ya watu wa Badri. Husomwa mtu akiibiwa, na kila mtu Kasongo alijua kwamba mwizi asiporudisha kabla ya siku saba atavimba au atapata wazimu. Mwalimu Issa akauliza, "Musie anaiamini?" "Mimi hapana amini," akasema Musie. "Lakini watu naamini. Ile natosha." Mwalimu Issa akacheka, kicheko kirefu cha furaha, sikuwahi kumsikia akicheka vile. "Tutakusomea," akasema. "Tena si kwa ajili ya saa yako. Ni kwa sababu leo wewe umekuja kubisha hodi hapa." Nilitamani kuung'oa wigo ule! Miezi minane mtu huyu ametufundisha kwamba woga wa namna hii ni kamba, tuikate. Siku yake mwenyewe ya kupoteza kitu, anakuja kushika ncha ya kamba ile ile avute.

Waliisoma siku ya pili, ubani ukafuka mpaka barabarani, na baada ya siku tatu Kalonda akaja shuleni shavu limevimba kama limewekwa embe ndani. Ebo! Sikuhitaji kuuliza lile ni nini, nilikuwa nimemwona anatafuna upande mmoja. Lakini nani mwingine alikuwa amemwona? "Imemukamata!" watoto wakapiga kelele uani, wakamzunguka, hakuna aliyethubutu kumgusa. Sokoni watu wakaacha kununua mikate ya Mama Sifa siku ile ile. Direkta, Mbelgiji mzee mwenye pumu, hakujali dua. Alitaka utulivu shuleni kwake. Akamwita Kalonda akamuuliza Jumanne mchana alikuwa wapi. "Nyumbani, nakula." Na nani? "Peke yangu." Nilisikia jibu lile kupitia dirisha lisilo na kioo, nikaona aibu mpaka miguuni. Alipotoka nilimfuata nyuma ya vyoo. "Kwa nini hukusema?" Akashika shavu lake, maneno yanatoka kwa taabu. "Wewe baba yako iko hapa, musikiti iko hapa. Ukitajwa utaishi wapi? Miye niko na Kabambare ya kurudia. Nyamaza." Direkta alikuwa amempa mpaka Jumamosi. Asipopatikana mtu wa kumtolea ushahidi, anafukuzwa. Yalikuwa yamebaki majuma matano tufanye mtihani wa kwenda shule kubwa ya Bukavu, na katika klasi nzima Kalonda ndiye aliyekuwa wa kwanza, mwezi kwa mwezi, hakuna aliyebisha.

Ijumaa nilikwenda kwa Musie Kwanini nyumbani kwake. Alikuwa barazani anakula mkate na jamu ya kopo, vitabu vimepangwa sakafuni kwa sababu mchwa walikuwa wamekula kabati. Akanisogezea mkate. Nikauchukua nikala mbele yake, mchana wa Ramadhani, ili aone nimekuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia, "Ni jino." Akasema kwa Kifaransa, "Najua ni jino, mimi si mpumbavu." "Basi sema." Akafuta jamu kwenye ndevu. Akasema akiwaambia watu ni jino, itabidi awaambie pia ni nani aliyekwenda kuomba halbadiri isomwe, na Direkta akijua atamrudisha Ulaya. Alisema hivyo bila kuniangalia. Nikamweleza basi kwamba Jumanne nilikuwa na Kalonda, na tulikuwa tunafanya nini. Hapo uso wake ulifunguka. Akasimama, akanipa mkono kama mtu mzima kwa mtu mzima. "Sema kesho mbele yao," akasema. "Kufikiri kwa uhuru kunaanzia hapo." Nilitoka pale nimevimba kichwa kuliko shavu la Kalonda. Leo naona jambo ambalo siku ile sikuliona, kwamba alikuwa amenitwisha mzigo wake na kunishukuru kwa kuubeba.

Jumamosi asubuhi tulikutana katika klasi yetu. Direkta alikaa mezani na jalada lake, Musie alisimama dirishani, Mwalimu Issa, aliyeitwa ili mji utulie, alijikunja kwenye benchi la wanafunzi, magoti kifuani, msahafu wake ndani ya kitambaa cha kijani. Baba, naye ameitwa, alisimama mlangoni, kofia mkononi. Kalonda alikuwa ukutani, amefungwa kitambaa cha shangazi yake kutoka kidevuni mpaka utosini, na nilipoingia alitikisa kichwa kunikataza. Nikasema. Nilisema Jumanne mchana wote nilikuwa naye, tulikula sahani moja, hakutoka. Nikasikia pumu ya Direkta. Baba akauliza, "Ulikula?" "Nilikula." "Muchana?" "Muchana." Akatafuta mahali pa kukaa, akakaa. Nilimngoja Mwalimu Issa anilaani, nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nina majibu kumi. Hakunilaani. Aliinua macho yake mekundu ya funga, akasema taratibu, "Kula kwake ni kati yake na Mungu, hakutuhusu hapa. Hapa tunataka jambo moja. Aape kwa musahafu kwamba alikuwa na mwenzake. Akiapa, Ijumaa miye mwenyewe nitasimama musikitini nitasema, mutoto huyu hakuiba, shavu lile ni jino." Direkta akasema vizuri, kiapo kinatosha, aandike. Mwalimu Issa akafungua kitambaa cha kijani. "Nenda utawadhe hapo nje, mutoto wangu," akasema, "uje uape, twende nyumbani."

Ilikuwa imekwisha. Maneno matano, mkono juu ya kitabu, na jambo lenyewe lilikuwa kweli tupu. Nikasema, "Siapi." Direkta akainua kichwa. "Kwa nini?" Nikasema, "Kwa sababu siamini. Nimesema kweli, na kweli haina haja ya kuapiwa." Nilisema kwa Kifaransa safi nilichokuwa nimekifanyia mazoezi njiani, na nilipomaliza nikamtazama Musie Kwanini, nikingoja. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Usijifanye mjinga," akasema kwa sauti ya chini. "Apa tu. Ni maneno." Nikamwambia, "Kama ni maneno, apa wewe." Akageukia dirisha. Mwalimu Issa aliniomba mara tatu, nasema aliniomba, mzee yule, akiwa amenyoosha msahafu kwa mikono miwili: "Mutoto wangu, kitu ni kweli, unaogopa nini?" Mara zote tatu nikatikisa kichwa. Kalonda alikuwa ananitazama kutoka ukutani, na macho yake yalikuwa yanauliza kitu rahisi sana. Direkta akafunga jalada. Shahidi anayekataa kuapa, akasema, si shahidi. Kalonda arudi kwao. Baba aliondoka mbele yangu bila kunisemesha, na hakunisemesha mpaka Idi.

Mimi hawakunifukuza. Kula mchana hakukuwa kosa katika kanuni za shule ya serikali. Na hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu mpaka leo, mzee mwenye wajukuu, kila nikilala chali nisipate usingizi. Kwa miaka mingi nilijisifu kimyakimya: nilisimama, sikusema nisichokiamini, hata Mzungu aliyenifundisha alishindwa kufika nilipofika. Baadaye nikawa muuguzi, nikang'oa meno, nikaona mashavu mangapi yaliyovimba, na kila shavu lilinipunguzia sifa ile kidogo. Kisha likaja wazo baya kuliko yote. Nilipoambiwa nikatawadhe, ni nini hasa kilichonishika miguu? Je, ilikuwa dhamiri ya mtu huru, au ilikuwa mkono uliokula Ramadhani, unaogopa kugusa kitabu? Maana nakumbuka mkono wangu ulikuwa baridi. Kama niliogopa, basi nilikuwa bado naamini, na nikamwacha rafiki yangu afukuzwe kwa uongo kwamba siamini. Kama sikuogopa, basi msahafu ulikuwa karatasi tu, na nikamwacha afukuzwe ili nisiguse karatasi. Nimeligeuza pande zote. Hakuna upande ninaotoka mzima. Siku hizi Ijumaa naenda msikitini, naketi safu ya nyuma, vijana wananitania, "Mzee Amisi, uko wetu au uko wa Wazungu?" Nawafukuza kwa fimbo. Wanadhani nacheza.

Jumatatu Kalonda aliondoka na kamyo ya pamba iliyokuwa inarudi Kabambare. Nilimkuta uani kwa Mama Sifa anafunga mkeka wake kwa kamba ya mgomba. Jipu la jino lilikuwa limepasuka usiku, uvimbe umeshuka, uso umerudi uso wake, na hakuna mtu mjini aliyekuja kuutazama. Mama Sifa alinipita na karai la unga pasipo kunikaribisha. Nikaanza kumweleza Kalonda. Nilimweleza yote: kwamba mtu akiapa kwa asichokiamini anadanganya hata kama anasema kweli; kwamba mmoja lazima aanze kukataa, ili siku moja watoto wetu wasiulizwe dini kabla ya kusikilizwa; kwamba si yeye niliyemkataa. Nilizungumza sana, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na yeye aliendelea kufunga mkeka, fundo juu ya fundo. Kamyo ikapiga honi barabarani.

"Umemaliza?" akaniuliza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe.

"Nimemaliza."

"Miye ningeapa," akasema. "Kwa kitu chochote wangeniwekea mbele, cha Mungu yeyote, hata nisiyemujua jina. Ningeapa mpaka jioni, Amisi, kama ni wewe walikuwa wanakufukuza."

Akajitwika mkeka, akapanda juu ya kamyo kati ya magunia matupu. Mtihani ulikuja baada ya majuma manne. Nikawa wa kwanza, kwa sababu yeye hakuwepo.